Rangi ya Katoliki

Kamembe, Jumatano, tarehe 11 Agosti 1999

Kwa Ndugu Karangwa,
Président wa Kamati ya Foyer ya Vijana.

Kuhusu: rangi iliyonikataa kwa sababu ya kanisa langu.

Ndugu Président,

Ninakuandikia nikiwa mzima, na mtoto ni mzima, ila jino la pili linamsumbua. Natumaini hata wewe uko mzima pamoja na Mama wa nyumbani, na ile pikipiki yako nayo inawaka.

Mimi ni Nishimwe, wengi wananiita Maman Mucyo, yule uliyempa ahadi mbele ya mlango wa Foyer Jumatatu ya wiki iliyopita. Mtoto alikuwa mgongoni, kwa hiyo tulikusikia watu wawili. Ulisema wale wachezaji ishirini na wawili wa meza ya baby-foot wapakwe rangi upya, wawe na sura ya watu, na Jumapili hii tarehe 15, siku Foyer, nyumba yetu ya michezo na mafunzo, inapofunguliwa tena, ukiona kazi ni nzuri, nafasi ya kufundisha batoto kazi za mikono ni yangu. Ndugu Président, tangu turudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoisikia ambayo mama anaweza kuifanya na mtoto mgongoni, bila mtu kumwambia kamuache kwa jirani kwanza. Ndiyo sababu naandika. Mtu haandiki barua ndefu namna hii kwa ajili ya vijiti.

Na kama kuna mjumbe wa kamati ambaye hajawahi kucheza (nasikia wako, na ndio waliosema sana), vijiti vyenyewe ni hivi: wanaume wadogo wa mbao, urefu wa kidole cha kati, wamechomwa fito za chuma tumboni, kumi na mmoja huku, kumi na mmoja kule. Unazungusha fito, nao wanapiga kampira. Mimi nimewachomoa wote na kuwakwangua rangi ya zamani kwa kiwembe. Sasa wako nyumbani kwangu ndani ya beseni, uchi kama walivyozaliwa, na beki mmoja wa kushoto ana alama ya jino la kwanza la Mucyo. Kazi imesimama hapo. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mzee Twagirayezu, mlinzi wa kabati.

Kila mtu anajua kwamba ndani ya lile kabati la chumba cha nyuma mna tubu kumi na nne za rangi, zile za kukamua kama dawa ya meno, alizoacha Masera Marguerite, yule mtawa aliyekuwa akifundisha Foyer kabla ya vita. Juzi Jumatatu nilikwenda kuziomba. Nilisalimu kwa mikono miwili. Nikasema, "Mzee, nimekuja kuchukua rangi ya akriliki."

Ndugu Président, Mzee ana masikio mawili: moja la kusikia na moja la kumpendezesha. Siku hiyo alinipa hilo la pili. Akajibu, "Iko. Lakini njo ya katoliki hii."

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaniangalia toka kichwani mpaka kwenye miguu ya mtoto, akauliza, "Weye uko mukatoliki?"

Ningeweza kudanganya. Wengi hapa mjini wamedanganya kwa mambo makubwa kuliko hilo na leo wana maduka. Lakini nilikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto anasikia. Nikasema, "Apana Mzee, miye niko wa Pentekoste."

"Basi ngojea ya Pentekoste. Itakuja."

Akafunga kabati, akavuta kiti, akakaa mbele yake, akashusha kofia mpaka machoni. Nikamtamkia polepole: a-kri-li-ki. Akaniambia, "Nasikia, mama. Ka-to-li-ki." Nilirudia jina hilo mara nne, na mara nne alinirudishia la kwake, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani bila kuweka kitu ndani.

2. Karatasi ya kamati.

Mpaka hapo lilikuwa kosa la sikio moja la mzee mmoja, na mimi ni mtu wa kusamehe. Lakini jana Mukarugwiza, katibu wenu, ameniletea karatasi iliyopigwa kashe, ule muhuri wa kamati. Naiandika kama ilivyo: "Rangi za Kikatoliki, tubu 14, zitolewe tu kwa mwenye kadi ya ubatizo." Chini kuna sahihi inayofanana na yako. Nimesema inafanana.

Hapo nimejifunza kitu. Kosa likiwa mdomoni ni kosa. Likipigwa kashe linakuwa sheria, na ukweli ndio unaotafutiwa kadi.

Kadi yangu mimi ninayo? Nilibatizwa ziwani, upande wa Bukavu, nikiwa na miaka kumi na minne, maji mpaka shingoni. Kadi ilibaki ndani ya nyumba tuliyoitoka mbio mwaka wa 1996, pamoja na viatu vyangu vya Jumapili. Kama mtu aliyeacha karatasi ng'ambo haruhusiwi kushika rangi, basi nusu ya Kamembe wasipake hata nyumba zao.

Lakini kwa kuwa kamati inapenda kadi, naomba na mimi nionyeshwe ya rangi. Ilibatizwa lini? Kabla ya kutiwa kwenye tubu, au ikiwa ndani? Nani alikuwa parrain wake, baba wa ubatizo? Ile ya bluu inaitwa Maria au ina jina jingine? Na kama kuna ambayo haijapata komunyo ya kwanza, hiyo hainitoshi mimi mtu wa Pentekoste, hata kwa kupaka soksi? Sidharau. Nataka kujua tu ili nikiishika niite kwa heshima.

3. Eti nachagua.

Nimesikia kwamba mjumbe mmoja alisema, "Rangi ni rangi, huyu maman anachagua kama anayechagua kitenge." Mjumbe huyo namwambia hivi. Bukavu nilipaka sanamu ndogo miaka mitatu kwa mchonga mbao: ng'ombe wa pembe ndefu, wapiga ngoma, wamama wenye mitungi, wote wa kutosha kwenye kiganja. Darasa nimefika la tano tu. Rangi nimefika mwisho.

Jana hiyo hiyo nilikwenda dukani kwa Mzee Kamali, anayeuza misumari na mabati. Kumbe habari ilikuwa imenitangulia. Aliniona mlangoni akasema, "Maman Mucyo, ya katoliki sina. Miye Muislamu, nauza ya ukuta na ya portail, ya mageti. Haiko na dini, lakini ikishika imeshika." Akanionyesha ya mafuta, na petroli ya kuilainisha akataka kunipa bure. Namshukuru. Nimekataa. Nikamwambia, "Papa Kamali, miye natafuta ile inayokubali maji."

Sababu zangu zinashikika. Rangi ya mafuta inataka petroli, na mimi na Mucyo tunalala chumba kimoja. Kifua chake ni kidogo. Haikauki mpaka siku ya tatu, na kila mchezaji anataka kupakwa mara mbili. Jumapili wageni watazungusha fito na kurudi nyumbani na mabeki viganjani. Tena ni nzito. Pua ya mchezaji ni ndogo kuliko mbegu ya mpunga wa Bugarama. Ukimpaka rangi ya portail, pua na mdomo vinajaa, uso unakuwa kiazi. Chokaa? Mpira mmoja tu, shati limeanguka. Vernis ya kucha, kama jirani mmoja alivyonishauri? Inang'aa siku moja, kisha inapasuka kama kisigino cha mwezi wa saba.

Akriliki ndiyo rangi ya watu wadogo. Unaizimua kwa maji ya kawaida, haya ya bomba. Unapaka nyeupe kwanza, nyepesi, ili rangi ya juu iamke. Inakauka mtoto akiwa bado ananyonya. Unarudia juu yake, nyepesi tena, na macho unayaweka kwa ncha ya unyasi wa ufagio. Ikikauka haiogopi mpira wala jasho la mikono. Kwa watu wangu ishirini na wawili nahitaji kiasi cha kidole gumba. Huko si kuchagua, Ndugu Président. Ni kujua.

4. Upande wa nyuma wa karatasi.

Nilipoigeuza nikakuta mmeandika na huko. Nyekundu hairuhusiwi kwa sababu ilikuwa ya chama. Kijani hairuhusiwi kwa sababu ilikuwa ya chama. Nyeusi vilevile. Na ili pasiwe na mgawanyiko, timu zote mbili zipakwe rangi moja, ya kijivu.

Na mimi napenda umoja. Nimeishi mahali ulipokosekana, najua bei yake. Lakini naomba mjumbe mmoja, yeyote, asimame mbele ya meza hiyo Jumapili aniambie yupi ni wake. Ishirini na wawili wa kijivu! Mtu atajifunga mwenyewe na kushangilia. Hayo tumekwisha kuyaona nchini humu, na hayakuhitaji meza.

Ugomvi hautoki kwenye shati. Ungekuwa unatoka huko, tungewavua watu mashati zamani, tukalala.

5. Kama ni kuulizwa, tuulizwe wote.

Rangi imeulizwa dini, mpakaji ameulizwa kadi. Kwa nini wapakwaji wanaachwa? Sisi sote tuliorudi tunaulizwa: ulikuwa wapi, ulirudi lini, nani anakujua? Hawa ishirini na wawili hakuna aliyewauliza. Hawana baba, hawana kilima, hawana jina. Naomba kamati iwaite mmoja mmoja.

Ila naionya. Wao hawakukimbia. Walikuwa ndani ya Foyer muda wote, wamesimama wima, chuma tumboni. Watu wenye bunduki walilala humo, kisha wakaja waliokimbia, kisha mbuzi. Hawa walikuwa wakitazama tu. Huenda ndio watu pekee wa Kamembe ambao hawajawahi kuhama. Mkianza kuwauliza, wanaweza kujibu, na sijui ni nani kwenye kamati atabaki amekaa.

Na kampira nako kalitoka Bukavu. Laissez-passer yake, karatasi ya kuvukia mpaka, iko wapi?

6. Ombi kuhusu Mzee.

Kwa hayo yote naomba Mzee Twagirayezu aondolewe kwenye kabati. Si kwa ubaya, ni kwa kumpandisha cheo. Mtu mwenye kipaji cha kuzuia kama yeye kabati ni dogo kwake; awekwe golini. Tumchome ufito tumboni tumsimamishe pale, na Foyer yetu haitafungwa bao mpaka Yesu arudi. Nikipata rangi, nitampaka mlinda lango mmoja kwa sura yake kabisa: kofia mpaka machoni, na masikio makubwa mawili, ya mapambo.

7. Ombi la mwisho.

Yakishindikana yote, nina njia. Mwanangu Mucyo ana miezi tisa, na hajawa wa kanisa lolote, ni wa maziwa. Jumamosi aandikishwe kwenu, abatizwe, apewe kadi. Rangi zikabidhiwe kwake yeye, tubu kumi na nne, aweke dole gumba kwenye karatasi (mlitoe kwanza mdomoni). Mimi mama yake nitaziazima kwake, na nitazirudisha. Yeye hapati shida ya kuzishika: ana karatasi. Kazi nitafanya mimi nisiye nayo. Nadhani hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda hata katika ofisi kubwa kuliko yenu.

Baba yake, Nzabonimana, yuko Muganza kwenye kiwanda cha sima, ile saruji ya kujengea, zamu yake inaisha Jumamosi jioni. Sijamuuliza. Lakini mtu anayepumua vumbi la sima siku kumi na mbili kwa ajili ya mtoto hatakataa mtoto naye asaidie kidogo.

Nakomea hapa, karatasi inaelekea mwisho na mwenye meno ameamka. Usinichukie, Ndugu Président. Bado natumaini, na tumaini langu lina siku nne tu. Unisalimie Mama wa nyumbani, na Mukarugwiza pamoja na kashe yake, na wajumbe wote, walionisemea na waliosinzia. Mzee Twagirayezu simsalimii.

Ni mimi, niliyekaa na watu ishirini na wawili uchi ndani ya beseni,

Nishimwe, Maman Mucyo.

Nyongeza, Ijumaa mchana.

Barua hii ilikuwa bado mkononi mwangu, kwa sababu mtu wa kuileta alichelewa. Namshukuru Mungu kwa uvivu wake.

Jana asubuhi Mzee Twagirayezu ameteremka mpaka kwangu kwa miguu, amebeba bakuli lililofunikwa kitambaa kilicholowa maji. Nilimpa kiti, hakukaa. Akauliza, "Kamali ameniambia ulikataa petroli. Eti unatafuta ile ya maji. Ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli Mzee. Akriliki inachanganywa na maji."

Akasema, "Masera njo alikuwa anafanya vile. Maji kwanza, njo anapaka. Kila mara maji. Siku moja nikamuuliza, Masera, juu ya nini unaiweka maji? Akaniambia, juu hii njo katoliki. Nikajua: anaibatiza."

Siku walipomchukua Masera Marguerite kwa gari, mwaka ule wa 1994, alimwambia Mzee kutoka dirishani: usiache ikauke. Hakumwambia mpaka lini. Basi Mzee kila Jumamosi amelowesha kitambaa na kuzigeuza tubu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemgeuza mgonjwa. Moja ilipoteza kifuniko, akaiziba kwa nta ya mshumaa. Yeye na mkewe walipokimbilia ng'ambo alibeba tubu akaacha sufuria, na mke huyo hajamsamehe mpaka leo. Aliporudi, akazirudisha kabatini.

Aliweka bakuli mezani, akalifunua, tubu zote kumi na nne zimo, akasema, "Kumbe muntu wa maji ni weye. Ungesema mapema." Naye ana haki. Nilimtamkia jina la rangi mara nne. Kwamba inataka maji sikumwambia hata mara moja.

Nyekundu, kijani na nyeusi zimekufa, ni mawe. Zilizobaki laini ni sita: nyeupe mbili, manjano, bluu na kahawia mbili. Kwa hiyo timu moja ni ya ndizi mbivu, nyingine ni ya ziwa, na kijivu hakuna. Namba 4 ibaki kama ilivyo.

Namba 1 naiondoa. Namba 2, pale nilipouliza rangi ilibatizwa lini, nimepata jibu: kila mara. Karatasi yenu yenye kashe msiichane, mimi na Mzee tunaelewana nayo. Namba 7 Mucyo amesamehewa, ataendelea na maziwa. Namba 6 nakuomba usiisome kabisa. Ningeandika barua nyingine safi, lakini karatasi sina, kwa hiyo unapofika hapo ruka. Kabati liachwe kwake, na ufunguo, na kiti. Na mkinipa batoto, naomba yeye awe mtu wa maji.

Kumi na tisa wamekauka. Watatu nawamaliza mtoto akilala, Jumapili wote watakuwa kwenye fito zao. Mlinda lango wa manjano amekauka wa kwanza. Ana kofia mpaka machoni.

Mzee Twagirayezu anakusalimu. Amekwisha kujiona. Anasema masikio ni makubwa.

Siyapunguzi.